Tumbili bustanini: wavu, mbwa, kubadili mazao au kuwaachia fungu lao?

Naandika nikiwa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, huku kwetu Bangwe, Kigoma, na juu ya mwembe wa jirani kuna tumbili sita wananiangalia. Hawana haraka. Wanasubiri niingie ndani kuchukua chai, wakishaona mlango umefungwa anashuka mmoja, anakaa ukutani anasikilizia, afu ndo wenzake wanafuata. Huu mchezo tumecheza huu mwaka wa nne na nshajaribu karibu kila kitu ambacho mtu anaweza kujaribu bila kupelekwa polisi. Ndo maana nikiona mtu kauliza "jamani tumbili wanamaliza mboga zangu nifanyeje", mmoja anamjibu fuga mbwa, mwingine weka wavu, mwingine we achana nao ni viumbe wa Mungu, huwa naona wote wako sahihi na wote wanampoteza, maana hakuna hata mmoja aliyemuuliza nyumbani kwake mchana anabaki nani.

Na hilo ndo swali lenyewe. Tumbili hachungulii tu nyanya zako, anachungulia ratiba yako.

Basi leo tulinganishe njia nne: kibanda cha wavu, mbwa, kubadili unachopanda, na kuwaachia fungu lao. Naongelea bustani ya nyuma ya nyumba, kaeneo ka hatua 15 kwa 10 hivi, siyo shamba la mahindi la ekari tano kule Kasulu. Na naongelea tumbili, yule mdogo wa kijivu, uso mweusi, mkia mrefu. Kama wanaokuja kwako ni nyani basi soma hii kwa tahadhari, nyani ni habari nyingine kabisa, dume la nyani linaweza kuua mbwa.

Kuna vitu siviweki mezani hata kwa kujadili. Sumu, kitanzi na bunduki. Tumbili ni mnyamapori na analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumuua au kumkamata bila kibali ni kosa, na ile ya kumfunga kamba kiunoni ukamfuga ni kosa vilevile hata kama watoto wanampenda. Sumu ndo mbaya zaidi maana haichagui, ataanza kufa paka wako, afu kuku wa jirani, na mtoto wa miaka miwili anaokota chochote. Na kama kuna mtu anawaza kuwakamata awauze, mnakumbuka mwaka 2016, tumbili 61 walidakwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakiwa njiani kwenda Albania, baada ya hapo serikali ikasimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Usijitie huko.

Tunapima kwa nini

Kila njia ntaipima kwa vitu hivi hivi. Hela, ya kuanzia na ile inayotoka kila mwezi, maana vitu vingi ni rahisi kuanza na ghali kuendesha. Muda, yaani saa ngapi za binadamu zinaliwa kwa siku. Mboga, kiasi gani kinafika jikoni kweli. Usalama wa watoto, kuku na wewe mwenyewe. Majirani. Na tumbili mwenyewe, anaumia au unamhamishia tu kwa mwenzako?

Kwanza mjue mgeni wako

Tumbili anatembea mchana tu, usiku yuko juu ya mti kalala, kwa hiyo kinachokula bustani yako usiku siyo yeye, kamtafute nungunungu au panya. Kwetu hapa wanakuja kwa nguvu asubuhi jua likichomoza na jioni kuanzia saa kumi, jua kali likipiga wanapumzika kivulini. Wanatembea kwa kundi, majike wanabaki kwenye kundi walilozaliwa na madume wakikua wanahama, maana yake wale kina mama unaowaona leo utawaona na mwakani na mwaka wa keshokutwa, na mama akishajua nyanya zako zinaiva kona gani watoto wake nao wanajua. Ana vifuko ndani ya mashavu, anajaza chakula humo haraka haraka anakwenda kutafuna mbele ya safari. Dakika mbili zinamtosha.

Siku moja nilijibanza nyuma ya dirisha la choo nikamwangalia jike mmoja ana mtoto kaning'inia tumboni. Alikuja mpaka kwenye mche wa nyanya, akashika moja kwa vidole viwili kama mtu anavyochagua sokoni, akainusa, akaing'ata mara moja, akatupa. Akachukua ya pili, hivohivo. Ya tatu ndo akala. Nilihesabu nyanya kumi na moja chini zenye alama ya meno moja moja. Hasira zangu zote ziko kwenye zile kumi na moja, ile moja aliyokula hata isingeniuma.

Na kingine ambacho wengi wa huku mtakubali, wanaogopa wanaume kuliko wanawake na watoto. Mimi nikitoka tu wanapanda. Mke wangu akitoka na ufagio wanamwangalia. Mtoto akitoka na kiporo cha muhogo mkononi, wanamfuata yeye.

Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, vilima vikikauka na moto ukipita kwenye majani, ndo wanashuka kwa wingi. Hapo bustani yako inayomwagiliwa ndo kitu cha kijani pekee wanachokiona.

Njia ya kwanza: kibanda cha wavu

Nianze na kosa langu. Nilinunua wavu wa kuku nikazungushia futi sita kwenda juu, nikasimamisha mirunda, nikajipongeza. Asubuhi yake walikuwa wamekaa juu ya ile fensi mstari mmoja kama watu waliokata tiketi ya mpira. Tumbili anapanda mti kabla hajajua kutembea vizuri, fensi isiyo na paa kwake ni ngazi tu. Kwa hiyo tukisema wavu tunasema kibanda, pande nne na juu.

Hela: ndo njia ghali kuliko zote kwa kuanza. Wavu, mirunda, misumari, binding waya na fundi kama hujui kupiga msumari ukaenda sawa. Mirunda paka oili chafu upande unaoingia ardhini la sivyo mchwa watakula nguzo kabla tumbili hawajala mboga. Ila ikishasimama hela ya kila mwezi ni karibu na sifuri. Watu wengi wa huku tunakwepa gharama kwa kuchukua nyavu chakavu za dagaa kule Kibirizi, wavuvi wanakupa kwa hela ndogo au bure ukijuana nao. Nilitumia msimu mmoja. Ina shida mbili. Kwanza tumbili anaitoboa kwa meno, ni uzi tu ule. Pili inanasa visivyohusika, nilikuta kenge mdogo kajiviringisha humo asubuhi, ikabidi nikate uzi kwa kisu cha jikoni huku ananichapa na mkia, na mkia wa kenge ukikupiga kwenye mkono mtupu utaujua. Nikaitoa yote.

Muda: kujenga wikendi mbili, baada ya hapo ni kukagua matundu tu. Mlango ufunge kwa kufuli au waya, ule wa kuegesha wanafungua.

Mboga: hapa haina mpinzani. Kilichomo ndani ni chako, mpaka nyanya ya mwisho. Ila kuna jambo watu hawalisemi, kama wavu wako ni wa matundu madogo sana kama ule wa dagaa, nyuki hawapiti, na maboga, matango na matikiti bila nyuki utaona maua mengi na matunda hakuna. Nyanya, pilipili na maharage hayana shida hiyo. Wavu wa kuku wa kawaida nyuki anapita vizuri. Na papai, mgomba, mwembe, hivyo haviingii kibandani, hivyo utaendelea kugawana tu.

Usalama: mzuri sana, hakuna anayemgusa mwenzake.

Majirani: hawana neno. Labda watakuja kuomba nyanya.

Tumbili: haumii, kama umevuta wavu ukakaza vizuri. Ukilegea unakuwa mtego.

Inamfaa: anayetoka asubuhi anarudi jioni, nyumba ni yake, na ana kitu kidogo cha thamani cha kulinda. Haimfai mpangaji, utamjengea mwenye nyumba.

Njia ya pili: mbwa

Hii ndo jibu la kwanza la kila mtu na kusema ukweli inafanya kazi, ila siyo kwa namna watu wanavyofikiri.

Hela: kumpata mbwa huku ni bure au karibu na bure. Kumlisha ndo kila siku, ugali na vichwa vya dagaa na mifupa, na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka hiyo siyo hiari. Mbwa asiyechanjwa anayepigana na mnyama wa porini ni hatari kwa nyumba nzima.

Muda: wengi wanadhani mbwa anafanya kazi peke yake. Anahitaji kufundishwa asichimbe matuta, asifukuze kuku, na lazima awe macho saa ambazo wao wako macho. Mbwa wa ulinzi aliyekesha usiku anabweka wezi, saa moja asubuhi ndo analala fofofo, na saa moja ndo saa yao.

Mboga: akiwa amefunguliwa na ana bidii, utaokoa sehemu kubwa sana. Akifungwa mnyororo ni kichekesho. Jirani yetu alimfunga wake kwenye mpera katikati ya bustani, ndani ya siku chache tumbili walikuwa wamejua mnyororo unaishia wapi, wakawa wanakula mchicha uliokuwa hatua moja nje ya mwisho wa mnyororo, mbwa anabweka mpaka sauti inakauka, wao wanatafuna wanamwangalia. Bustani ile ukiiona ilikuwa na duara kabisa, ndani ya duara mchicha umekanyagwa na mbwa, nje ya duara umeliwa na tumbili.

Usalama: ni shilingi ina pande mbili. Watoto na kuku wanalindwa, ila dume la tumbili halifiki hata kilo kumi lakini lina meno marefu ya pembeni na likibanwa kwenye kona litamng'ata mbwa, au wewe ukienda kuamua ugomvi. Ukiumwa na tumbili au na mbwa, osha kidonda hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, afu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa. Usipake majivu, usisubiri kesho.

Majirani: hapa uangalie unaishi wapi. Ujiji na mitaa mingi ya huku majirani ni Waislamu, na mbwa anayezurura akapitia kwenye vyombo au kwenye mkeka wa kuswalia ni ugomvi wa haki kabisa. Nenda kaongee nao kabla hujaleta, siyo baada. Mzee mmoja wa hapa alimwambia kijana wake, "Mwanangu, mbwa mfuge, ila ukuta ujenge kwanza." Akajenga.

Tumbili: mbwa mmoja kuwafukuza mpaka mtini, sawa. Mbwa watatu wa mtaa wakamdaka mtoto wa tumbili, hiyo nimeiona mara moja na sitaki kuiona tena.

Kuna wanaobadilisha mbwa na mtoto mwenye manati. Nimekaa nikaliwaza na jibu langu ni hapana, mtoto anakosa shule kwa ajili ya mahindi ya mistari mitatu, na jiwe la manati halina macho, kioo cha dirisha la jirani nililipa mimi.

Inamfaa: familia ambayo mtu yupo nyumbani mchana, uwanja una ukuta au uzio, na mbwa atakaa amefunguliwa. Haimfai asiyependa mbwa. Naona watu wanajilazimisha, afu mbwa anateseka na bustani inaliwa vilevile.

Njia ya tatu: badili unachopanda

Njia hii haina sifa mtaani kwa sababu haina kelele. Hujengi, hufukuzi. Unaacha tu kupanda pipi mbele ya mtoto halafu ukashangaa.

Kuna vitu tumbili hana hamu navyo: pilipili kali, vitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, manjano, mchaichai. Magimbi nayo, majani yake mabichi yanawasha mdomo. Upande wa pili kuna vile ambavyo ni sawa na kuwaandikia barua ya mwaliko: mahindi mabichi, nyanya, karanga, papai, ndizi, matikiti, maharage machanga. Na katikati kuna kundi ambalo mimi ndo nalipenda zaidi, mboga zinazochipua tena. Lengalenga (mchicha), matembele, kisamvu. Wakila wamekula majani, wiki moja au mbili baadaye yako pale tena. Hebu fikiria tofauti, nyanya unaisubiri karibu miezi mitatu na inaondoka kwa mng'ato mmoja, matembele yakichumwa na tumbili au yakichumwa na mke wangu kwa mmea ni mamoja.

Hela: ndogo kuliko zote, mbegu na vipandikizi unaomba kwa jirani.

Muda: hauongezeki hata dakika.

Mboga: hapa ndo pa kuwa wakweli. Unavuna vingi, ila siyo vile ulivyokuwa unavitaka. Nilipomwambia mke wangu mwaka huu tunapanda pilipili, tangawizi na vitunguu, akaniuliza, "Baba, kwa hiyo watoto watakula viungo?" Sikuwa na jibu. Nyanya tukawa tunanunua Mwanga sokoni. Tangawizi iliyobaki tuliuza kidogo, kwa hiyo hesabu haikuwa mbaya, ila kama ulianzisha bustani ili mtoto ajue nyanya inatoka wapi, hii inakunyima hicho.

Usalama: hakuna shida. Tumbili wanapita tu, hakuna cha kuwakalisha.

Majirani: inategemea. Kundi likikosa kwako linasogea kwa jirani mwenye mahindi, na yeye atakuuliza umewafanya nini.

Tumbili: hawaumii.

Onyo moja, kiangazi kikiwa kikali wanajaribu hata vile wasivyovipenda, wanang'oa kitunguu, wanaonja, wanatupa, na kitunguu kilichong'olewa hakirudi. Na wale wa kusaga pilipili wakapulizia kwenye majani, mi nilifanya. Inasaidia siku mbili tatu, mvua ikinyesha umerudi mwanzo, na upepo wa ziwani ukigeuka unapulizia macho yako mwenyewe. Nilikaa nusu saa kichwa kiko kwenye ndoo ya maji, huku wao wako juu ya mwembe.

Inamfaa: mpangaji, asiye na hela ya kuanzia, anayelima ili auze viungo, na mtu ambaye hana moyo wa vita.

Njia ya nne: waachie fungu lao

Watu wakisikia hii wanadhani nasema uwape chakula. Sisemi hivyo, na hapa naomba tuelewane vizuri maana ndo watu wanaharibu. Kuwaachia fungu ni kuacha mpera, mzambarau au mwembe wa pembeni bila kuugombania, na kuweka vitu vyako vya muhimu mbali na hapo, karibu na mlango wa jikoni. Kuwapa chakula kwa mkono au kuwarushia maganda ni kitu kingine kabisa.

Sisi watu wa Kigoma mfano tunao hapa hapa, Gombe, kilomita 16 kaskazini mwa mji. Miaka ya 1960 Jane Goodall na wenzake walianza kuwawekea sokwe ndizi ili wawasogelee na kuwaona vizuri. Wakasogea kweli. Na nyani nao wakasogea, ugomvi ukaongezeka, sokwe kwa sokwe na sokwe kwa nyani, mpaka baadaye wakapunguza sana na mwishowe wakaacha. Hao ni watafiti waliokuwa wanaandika kila kitu kwenye madaftari, sasa wewe na ganda lako la ndizi dirishani unategemea nini? Tena magonjwa hayana mpaka. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walipata polio, wakati ule ule ambao polio ilikuwa inapiga watu wa mkoa huu, na wengine walipooza. Mabaki yako ya chakula siyo sadaka.

Hela: sifuri, ila hasara yako ni bili, iandike.

Muda: kidogo, lakini wa kila siku, maana siri ya njia hii ni kuwahi kuvuna. Ndizi kata ikikomaa ikiwa bado kijani, ivishe ndani. Papai likipata mstari mmoja wa njano, limeshakuwa lako au lao, amua asubuhi hiyo hiyo. Embe chuma likiwa limejaa kabla halijanukia. Anayesubiri tunda liivie mtini Kigoma huyo ana mpango wa kuwalisha wao.

Mboga: utapoteza sehemu, na sehemu yenyewe siwezi kukuambia ni ngapi, miaka ya mvua nzuri ni ndogo, kiangazi kirefu ni kubwa.

Usalama: hapa ndo pana utamu na uchungu pamoja. Uchungu ni kwamba wakikuzoea sana wanaingia jikoni, na mtoto mwenye kitu mkononi anaporwa na kukwaruzwa. Dirisha la jikoni liwe na wavu, takataka zifunikwe, mtoto asile nje peke yake. Utamu ni huu. Watafiti waliokaa Amboseli kule Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 waligundua tumbili wana milio tofauti kwa maadui tofauti. Wakirekodi mlio ambao tumbili hutoa akiona chui na kuupiga, wale wanakimbilia mtini. Mlio wa tai, wanaangalia juu au wanajificha kichakani. Mlio wa nyoka, wanasimama kwa miguu miwili wanaangalia chini kwenye nyasi. Mi nilisoma hiyo nikacheka, mpaka siku moja asubuhi nikawakuta wamesimama hivohivo, kama watu kwenye mkutano, wanachungulia lundo la matofali nyuma ya banda la kuku wanatoa sauti kavu ya kukwaruza. Sikwenda. Nilichukua fimbo ndefu nikaita kijana wa jirani, tukagusa matofali kwa mbali, akatoka nyoka mweusi mrefu akapita chini ya ukuta. Lilikuwa ni lile lundo ambalo mwanangu hupanda kila siku akitoka shule. Tangu hapo wakianza ile sauti natoka kuangalia, na mpera siwagombanii.

Majirani: hapa kuna kesi. Fungu lako ni hasara ya mwenzako wa pili, kundi haliji kula kwako likaruka ukuta wake. Kama mtaa mzima unapambana na wewe peke yako unawapigia makofi, utaitwa kwenye kikao.

Tumbili: ndo njia inayomwacha awe tumbili, mradi usimlishe.

Inamfaa: mtu ambaye bustani kwake siyo chakula cha lazima, mstaafu, mwenye uwanja mkubwa wenye miti ya matunda, anayependa kuangalia. Haimfai mwenye watoto wa kutambaa kama nyumba haijafungwa vizuri.

Sasa wewe uko wapi?

Kama mchana nyumba inabaki tupu, usifikirie mbwa wala fungu, weka nguvu kwenye kibanda cha wavu hata kama ni kidogo, hatua tatu kwa nne, uweke humo nyanya na karoti, nje panda vile wasivyovipenda. Kwangu nimeishia hapo, na mpera nimewaachia. Lakini mimi na mke wangu wote tunatoka asubuhi, usinichukulie mimi kama mfano wako.

Kama umepanga chumba na kauwanja, panda kwenye viroba na ndoo, lengalenga na matembele, pilipili pembeni. Ukihama unahama navyo.

Kama ni nyumba ya watu wengi, bibi yupo, dada yupo, ukuta upo, na majirani mmeelewana, mbwa mmoja aliyechanjwa na kufunguliwa atakufaa kuliko wavu, hasa kama unafuga na kuku. Asubuhi ile ya saa moja awepo mtu wa kumwamsha.

Kama unalima ili uuze, hesabu ni rahisi, mboga za majani na viungo nje, na kibanda ukijenge siku faida imelipia wavu, siyo kwa mkopo.

Kama una mtoto mdogo anayecheza nje na chakula mkononi, anza na hilo la chakula mkononi kabla ya njia yoyote kati ya hizi. Na kama kuna tumbili mmoja ameshaanza kupora watu, au anaonekana mgonjwa, anajikokota mchana bila kundi, usimkaribie, mpigie afisa wanyamapori wa halmashauri au TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), waachie wao.

Na kama bado hujui uko wapi, kaa na daftari wiki moja kabla hujanunua chochote. Andika saa wanayofika, wanatokea upande gani, wanagusa nini kwanza, na nani alikuwa nyumbani. Mi nilifanya hivyo mwaka jana mwezi wa saba. Jumatatu mpaka Ijumaa walifika saa moja kasoro, wakarudi saa nne mke wangu akishapita kona ya kwenda sokoni, wakarudi tena saa kumi. Jumamosi mara moja tu. Jumapili, siku ambayo tupo wote na wajomba wamekuja kunywa chai uwanjani, ukurasa ulibaki mweupe.